Ufagio Jukwaani

Ukiniuliza mimi kama onyesho letu ni zuri, nitakwambia ni zuri, tena nitakushangaa kwa kuuliza. Kwa hiyo sijiulizi. Kila alasiri ya majaribio, kabla ya uzinduzi wenyewe, najifunga mtandio kichwani, navaa miwani mikubwa ya shangazi yangu, nakaa katikati ya watazamaji kama mtu aliyekuja kujistarehesha, na kazi yangu inakuwa moja tu: kuangalia watu. Jukwaa siliangalii. Jukwaa nalijua. Naangalia shingo. Shingo ya mtazamaji haina unafiki. Ikichoka inalala pembeni, ikipendezwa inanyooka, na huko chini mguu unaanza kugonga sakafu bila kumwomba mwenyewe ruhusa.

Alasiri ile shingo zote zilikuwa zimenyooka. Na kwa nini zisinyooke? Onyesho letu halina wimbo hata mmoja mpya. Tumekusanya zile nyimbo za zamani ambazo redio ilitulea nazo, ambazo kila mtu amepiga nazo deki na kufua nazo nguo, tukaziunga zikawa kisa cha nyumba moja. Na kisa chenyewe hakisemwi, kinachezwa. Maneno machache, miguu mingi. Aliyeziunga nyimbo hizo ni mpiga kinanda wetu, ambaye kila mtu anamwita Taratibu kwa sababu hilo ndilo neno lake. Umharakishe kula, taratibu. Umharakishe kupenda, taratibu. Aliyetunga dansi yote, kuanzia hatua ya kwanza mpaka ya mwisho, ni mimi. Nasi tukapendana humo humo mazoezini, mbele ya wachezaji wote, na nani angetuzuia?

Angetuzuia mama yake, ambaye alikuwa amekaa safu moja mbele yangu.

Taratibu hawezi kuoa bila radhi ya mama yake. Na mimi mwanamume wa kuiba kwao simtaki. Nataka nipewe, tena nipewe kwa mikono miwili. Mama alikuwa ameniona mara moja tu, sebuleni kwake. Aliniangalia kuanzia kisigino hadi nywele, akasema, "Kwa hiyo wewe unalipwa kwa kutikisika."

"Ndiyo, mama," nikajibu. "Na nalipwa vizuri."

Taratibu alipaliwa na chai. Mama hakucheka. Alisema atakuja kuiona kazi hiyo kwa macho yake, kisha atatupa jibu. Likiwa hapana, tusimrudie.

Basi nilikuwa naichunga shingo ile kuliko zote. Mwanzoni ilikuwa kavu kama ubao. Kufika wimbo wa tatu, nikaona kidole chake kinagonga mkoba. Loo, nilitabasamu mwenyewe ndani ya mtandio! Nikasema moyoni, huyu ninaye.

Kisha ikaja sehemu ya ufagio.

Hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Mume anafungasha virago, anaondoka. Wimbo wa kuagana unaanza. Mchezaji wetu mkuu, msichana tunayemwita Kidosho, anabaki peke yake. Anaokota ufagio, anawapa watazamaji mgongo, anafagia polepole, na mabega yake yanaanza kutikisika. Hatumwoni uso. Mabega tu.

Ukumbi uliyeyuka. Jitu zima lenye kifua kama kabati lilivua kofia likajifuta macho. Kwikwi zilisikika huku na kule, na mwanamke aliyekaa pembeni ya mama yake Taratibu akasema kwa sauti, "Jamani, maskini ya Mungu!" Nilifurahi, naomba nisamehewe, nilifurahi kwa kila chozi.

Mama akasimama. Alichukua mkoba, akasema "nipishe" kwa kila goti lililokuwa njiani, akatoka nje wimbo ukiwa katikati. Hakugeuka. Moyo ulinishuka mpaka kwenye viatu.

* * *

Onyesho lilipokwisha nilimkuta Taratibu chumba cha mavazi, amekaa juu ya sanduku la viatu, koti lake bado kalivaa. Alikuwa ameona kila kitu kutoka kwenye kinanda.

"Amejua," alisema.

"Amejua nini?"

"Usinifanye mtoto. Amejua ni yeye."

Kweli alikuwa yeye. Wakati tunachagua nyimbo, Taratibu alinisimulia siku baba yake alipoihama nyumba. Alikuwa mtoto mdogo. Baba alimfuata mwanamke mwingine mji mwingine, na wimbo uliokuwa redioni ulikuwa huo huo. Mtoto akachungulia mlangoni, akamwona mama yake kampa mgongo, kafungulia redio mpaka mwisho, anafagia sebule iliyokwisha kufagiwa, na mabega yanatikisika. Akarudi kitandani, naye akalia. Tangu siku hiyo aliapa kwamba yeye hatamliza mama yake kamwe. Nilipokisikia kisa hicho nililia kwanza, kisha miguu ikaanza kuniwasha. Ndivyo nilivyoumbwa. Nikamwomba nikitumie.

"Ulikubali," nikamkumbusha.

"Nilikubali kabla mama hajasema atakuja."

"Ulisema hatajitambua. Ulisema kila mwanamke ana ufagio."

"Nilisema. Sasa nasema uuondoe." Alisimama. "Wimbo upigwe mtupu. Kidosho akae kwenye kiti, aimbe."

"Kidosho aimbe? Watu watadai nauli zao!"

"Sitanii."

"Hata mimi sitanii. Umewaona watu? Kuna jitu limevua kofia, Taratibu. Unajua ni kazi gani kumliza mtu kama yule?"

"Na mama yangu ametoka!" Sikuwa nimewahi kumsikia akipaza sauti, hata Kidosho aliyekuwa mlangoni alirudi nyuma. "Wewe unafurahia machozi ya watu usiowajua, na mama yangu anatembea barabarani peke yake. Kama ni lazima nichague..."

Akageukia mlango.

"Malizia," nikasema.

"Usinilazimishe."

"Nakulazimisha. Unamchagua nani?"

Aliniangalia. Macho ya mwanamume yule yana tabia moja mbaya: hata akikasirika, yanaendelea kukupenda. Yaliniangalia hivyo mpaka nikatamani kumrukia shingoni na kumpiga kibao kwa wakati mmoja. Alinishika mkono, akaugeuza, akakitazama kiganja changu kama mtu anayetafuta kitu alichokipoteza.

"Nakupenda," alisema. "Hilo unalijua. Lakini siwezi kukuoa juu ya machozi yake."

Maneno yale yaliniuma, sitasema uongo. Nililia kidogo, upande mmoja tu wa uso, ule usioelekea kwake. Lakini mimi siyo mtu wa kukaa na kidonda nikikipepea.

"Basi nakwenda kwake mwenyewe."

"Usiende. Niachie mimi, nitazungumza naye taratibu."

"Taratibu yako itanizeesha, mpenzi. Nakwenda kesho asubuhi."

* * *

Mama yake ana duka la udobi, chumba kimoja chenye joto la kumwivisha mtu. Suti za watu zimening'inia darini zikiwa na vibandiko vya namba, mashuka yamerundikwa kwenye beseni, na yeye mwenyewe yuko nyuma ya meza na pasi ya mvuke. Anaanza na kola, yanafuata mabega, kisha mikono. Anapopiga pasi hakuna kunyanzi linalobaki salama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Neno karibu hakunipa. "Umekuja kuchukua jibu?"

"Nimekuja kuomba msamaha kwanza. Jibu litafuata."

"Una haraka wewe."

"Mwanao ni mtu wa taratibu, mama. Mmoja wetu lazima akimbie."

Pasi ilisita kidogo juu ya shati, kisha ikaendelea. Nilidhani nimeona mdomo wake ukitaka kucheka, lakini mvuke ulikuwa mwingi.

"Umemwaga mtama penye kuku wengi," alisema. "Mambo ya sebuleni kwangu, leo watu wanakata tiketi kuyaona."

"Hakuna aliyejua ni wewe, mama."

"Mimi nilijua. Sitoshi?"

"Unatosha," nikasema. "Nimekosa. Ilinipasa nije hapa kukuuliza kabla sijagusa ufagio. Kwa hilo nipige ukitaka. Lakini sitakudanganya: kuiondoa dansi ile sitaki. Sijawahi kutunga kitu kizuri kama kile."

Nilisema hivyo huku nimeikodolea macho ile pasi, maana ilikuwa ya moto.

"Nani aliyekwambia ni kizuri?"

"Watu walilia, mama. Ukumbi mzima."

"Hapo sasa!" Aliisimamisha pasi kwa kishindo. "Walilia! Yule bibi pembeni yangu ananigeukia na leso yake, ati, 'maskini ya Mungu.' Maskini! Mimi! Nimelea mtoto, nimefungua duka, sijamwomba mtu hata chumvi, halafu niende nikae kwenye kiti laini nihurumiwe na watu nisiowajua! Sijawahi kutukanwa hivyo maishani mwangu."

"Lakini mama, siku ile mumeo alipoondoka ulikuwa unalia."

"Nani alilia?"

"Mabega yako..."

"Nilikuwa nacheka, mwanangu!"

Nikabaki mdomo wazi. Naye akabaki ameduwaa, kama mtu aliyeangusha sahani. Kisha akavuta shuka kutoka kwenye beseni akanirushia ncha mbili.

"Shika. Usisimame bure dukani kwangu."

Tukakunja. Kukunja shuka kubwa ni kazi ya watu wawili: mnavutana, mnasogeleana, mikono inakutana, mnarudi nyuma tena. Kila tulipokutana aliniambia kipande, kwa sauti ya chini.

"Mwanamume yule akiingia, nyumba inanyamaza. Redio izimwe. Mtoto asicheke. Kiti hakiko mahali pake, chumvi imezidi, mlango umefungwa vibaya. Miaka yote ile natembea kwa ncha za vidole ndani ya nyumba yangu."

Tukarudi nyuma, tukasogea.

"Siku ile alipotoka na virago vyake, kitu cha kwanza nilichofanya nilifungulia redio. Nikaanza kufagia nyayo zake. Nilipofika mlangoni kicheko kikanishika, nikashindwa kukizuia. Nilicheka mpaka mbavu zikauma."

"Na mwanao?"

"Mtoto alikuwa anamlilia baba yake. Ningemwambiaje kwamba mimi nimepumua? Nikamwacha aamini tunalia wote. Akakua nalo." Aliliweka shuka mezani, akalilaza kwa kiganja. "Mpaka leo ananibembeleza kwa huzuni nisiyokuwa nayo. Ananiletea viti, ananishika mkono kwenye ngazi. Nikitaka kumwambia, naona nitamnyang'anya kitu. Sasa na wewe ukaja ukaiwekea huzuni hiyo kinanda. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, binti. Ninyi wawili mmekaa mkanitungia kunguni!"

Nilicheka. Sikukusudia, kicheko kilinitoka. Mama akaniangalia kwa ukali, kisha na yeye akashindwa, na mabega yake yakaanza kutikisika. Ndipo nilipoyaona kwa macho yangu. Ala! Mtu akikaa nyuma yake, angeapa kwamba analia.

"Mama," nikasema, "nionyeshe."

"Nikuonyeshe nini?"

"Ulivyofagia. Nilikosea kwa sababu nilisimuliwa na mtu aliyechungulia. Nionyeshe wewe."

"Una wazimu."

"Ninao. Nionyeshe."

Alitazama barabarani. Aliugeuza ubao wa mlangoni ukasomeka Tumefunga. Kisha akachukua ufagio wa duka, akavua kandambili, na mama yule aliyeniuliza kama nalipwa kwa kutikisika akaanza kufagia. Hakuinama hata kidogo! Alifagia kwa mkono mmoja, mkono wa pili kiunoni, kila hatua ikisukuma kitu kisichoonekana kuelekea mlangoni. Katikati akausogeza ufagio kando, akazunguka peke yake, akaurudia. Nilikuwa nimeshavua viatu, nafuata nyuma yake, hatua kwa hatua, mpaka suti za watu zikaanza kubembea juu yetu.

Alipochoka aliegemea meza, akihema.

"Usimwambie mwanangu. Kwa mdomo nimeshindwa miaka yote hii. Mwonyeshe."

"Na jibu letu?"

"Nakuja leo. Nikiona nitakujibu. Ukinifanya maskini mara ya pili, ni hapana, na hata barabara hii usiipite."

* * *

Kidosho alinuna nilipomfundisha upya. "Mwalimu, pale ndipo wanaponililia. Ndiyo sifa yangu ile."

"Utapata sifa nyingine."

"Wasipocheka je? Nitaonekana mwendawazimu, mume kaondoka namchekea."

"Watacheka," nikamwambia. Taratibu naye nilimwambia neno moja tu, mlangoni mwa ukumbi. "Pale kwenye ufagio, usifuate ulivyozoea. Fuata miguu ya Kidosho."

"Umeiondoa?"

"Niamini."

Alinitazama, kisha akanitengeneza ncha ya mtandio iliyolegea, vidole vyake vikakaa shavuni kwangu muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Nakuamini," alisema. "Nimechoka kutokukuamini tangu jana." Akaenda kwenye kinanda chake.

Nilikaa kwenye kiti kilicho nyuma tu ya mama, karibu kiasi cha kusikia harufu ya wanga wa nguo zake. Pembeni yake safari hii alikaa bibi mwenye pete nyingi, mmoja wa wale wanaokuja ukumbini kumsimulia jirani kila kinachoonekana.

Virago vikafungwa. Mume akatoka. Wimbo wa kuagana ukaanza, polepole kama kawaida. Kidosho akawapa watu mgongo, mabega yakatikisika, na leso zikaanza kutoka mikobani. Bibi wa pete akavuta pumzi. "Hapa ndipo wanapolia," akamwambia mama. "Nimeambiwa nijiandae."

Kidosho akageuka. Kwa mara ya kwanza watu walimwona uso, na uso ulikuwa unacheka.

Kimya. Najua kimya cha kila aina, na hiki kilikuwa cha watu wasiojua wafanye nini na leso zao. Nikamtafuta Taratibu. Mikono yake ilikuwa imesimama juu ya kinanda, wimbo umekatika. Alimtazama Kidosho, kisha macho yake yakaja ukumbini, yakapita kiti kwa kiti, yakamfikia mama yake. Mama alitikisa kichwa kukubali, mara moja, na mabega yake yakaanza. Nikamwona mwanawe akiyatazama mabega yale kama anayaona leo. Uso wake ulikunjamana, nikadhani analia, na alikuwa analia kweli, lakini huku anacheka. Kisha akaangusha mikono miwili kwenye kinanda kwa nguvu ambayo sikuwa nimewahi kuisikia, na wimbo ule wa kuagana ukatoka mbio.

Kidosho akaweka mkono kiunoni.

"He!" bibi wa pete akasema. "Mbona anacheka? Mume kaondoka, yeye anakata kiuno?"

Kule nyuma mwanamke mmoja akapiga kigelegele, kimoja, kirefu. Mwingine akamjibu. Safu ya akina mama upande wa kushoto ikasimama kwa pamoja, na vijana waliokuja na wachumba wao wakaanza kupiga makofi bila kujua wanamshangilia nani. Watu waliujua wimbo, wakauimba kwa sauti mpaka kinanda kikamezwa, na kila Kidosho aliposukuma ufagio kuelekea mlangoni ukumbi mzima ulipiga kelele, "Toa!" Sikuwafundisha neno hilo. Walilitoa wenyewe.

Shingo ya mama ilikuwa imenyooka. Mimi nilikuwa nimeng'ang'ania mgongo wa kiti chake kwa mikono miwili, sisikii ukumbi tena, nasubiri jibu langu.

Bibi wa pete hakuwa ameridhika. Alimsogelea mama sikioni, na kwa kelele zile ilibidi apayuke. "Mimi sijapenda! Mwanamke gani hana hata chozi? Aliyetunga mambo haya hana malezi!"

Mama akamgeukia.

"Taratibu na maneno yako, bibi," alisema. "Aliyetunga ni mkwe wangu. Na mwenye ufagio ni mimi."